Saa Tatu ya Mkwe

Benchi la mtaa wa Somanda limeegemea ukuta wa duka la vipuri vya baiskeli la Limbu Mihayo, ambaye watu humwita Spea. Kila asubuhi hukaa hapo yeye, na Joakim Mboje mwenye birika la kahawa, aitwaye Redio kwa sababu hazimiki, na Salvatory Ngasa, aliyewahi kubeba mizigo ya abiria katika uwanja wa ndege wa Mwanza na tangu hapo ni Eapoti. Wa nne, Josia Nkinda, hana jina la utani; hakuna aliyethubutu. Siku ile alikuja amevaa koti, na mfuko wa michembe, viazi vyake alivyovikausha mwenyewe, akauweka kati ya miguu yake. Binti yake Domitila, aliyeolewa na Mwingereza aitwaye Alan, alikuwa amelala na mumewe na mtoto wao mchanga katika nyumba ya wageni mtaa wa pili, na asubuhi hiyo walikuwa wanarudi Uingereza. Mtoto alikuwa bado hajapewa jina la ukoo. Josia alikuja nalo: Sayi, jina la mama yake mzazi. Alitaka kumpakata mjukuu na kumwita kwa jina hilo kabla hajapanda gari, kwa maana miaka yake mwenyewe haikumpa tumaini la kumpakata tena.

— Mkweo alisemaje hasa? aliuliza Spea.

— Alisema gari linaondoka saa tatu.

— Saa tatu ya kwao au yetu?

— Domitila ndiye aliyetafsiri. Saa tatu asubuhi, hii ya leo.

— Na hakusema Mungu akipenda?

— Hakusema.

— Hata tukijaaliwa?

— Spea, nimekwambia. Alisema gari linaondoka saa tatu, akaendelea kunywa chai.

Ndicho kilichokuwa kimemkaa Josia usiku kucha. Mkwe alilisema jambo lile kama mtu anayesoma tangazo ukutani. Safari ilikuwa bado haijawa, naye aliitaja kana kwamba imeshakwisha. Tena hakusema wao wanaondoka. Alisema gari, kana kwamba gari ndilo lililoamua.

Saa ya dukani kwa Spea ilipoonyesha saa tatu kasoro kidogo, Josia alisimama.

— Unakwenda wapi, mzee? aliuliza Redio.

— Kwa mwanangu.

— Sasa hivi? Saa ileile aliyoitaja mgeni? Unataka mkweo aseme umekuja kuhakikisha anaondoka?

Josia akakaa. Redio alikuwa amesema kweli, au hivyo ndivyo Josia alivyolelewa. Nyumbani kwao, mgeni akisema anaondoka, ndiyo kwanza anaombwa akae. Maji yanawekwa jikoni, kuku anakimbizwa, na neno ambalo hakuna aliyelisema tangu mgeni afike linasemewa mlangoni. Kuaga kunakula nusu ya siku. Mtu mzima hatokei mwanzoni mwake, amesimama getini kama mgambo.

— Usiwe na wasiwasi, alisema Eapoti. Mimi nimewabebea mizigo hao. Wana saa ya kufika, halafu saa ya kupanga foleni, halafu saa ya kuketi ndani, ndipo saa ya kuondoka. Na hiyo ya kuondoka ikifika, wanatangaziwa bado. Saa tatu ni saa ya kuanza kutafuta soksi.

— Hiyo ni ndege, alisema Spea. Hili ni gari la kukodi. Dereva wao mtu wa wapi?

— Wa Nyashimo, alijibu Josia.

— Basi imekwisha hiyo! Mtu wa Nyashimo haondoki mahali penye chapati.

Redio akamimina kahawa.

— Nyie hamjui kitu. Mwingereza alipewa saa kabla hajapewa ndugu. Kule mtoto akizaliwa anafungwa kwanza saa mkononi, ndipo anatafutiwa shangazi.

Wakacheka. Josia alitazama kikombe chake.

— Na akichelewa, aliendelea Redio, anapunguziwa siku kwenye umri wake. Mnafikiri wanakimbilia nini?

— Acha uongo, Redio. Mbona wanaishi miaka mingi kuliko sisi? alisema Spea.

— Unaowaona ni wale waliowahi!

Spea alipiga goti kwa kicheko. Lakini Eapoti alikuwa ametulia.

— Mimi nawaambia, wanaitaja saa ili wasilie. Nilimwona mama mmoja pale Mwanza amemkumbatia kijana wake. Akatazama saa ukutani, akamwachia. Palepale, kama mtu anayetua ndoo. Saa ikifika, machozi yamekosa nafasi.

Josia aliingiza mkono kwenye koti akagusa simu.

— Nimpigie?

— Kumpigia ni kumhimiza, alisema Redio. Subiri. Akikupigia yeye, ujue wameanza kuaga.

Josia akauacha mkono mle mfukoni, juu ya simu, asije akakosa kuisikia. Wakanywa nyingine, na nyingine tena. Saa nne ilikuwa imepita zamani alipotokea Jenipha, anayefanya usafi katika ile nyumba ya wageni, ameshika chupa yake ya chai aje kujaziwa kahawa.

— Mwangaluka, guku, alimwamkia Josia, kama Wasukuma wamwitavyo babu.

— Mwangaluka, mayu, alijibu Josia, akimwita mama. Wageni wameshakunywa chai?

— Wageni gani tena? Wameondoka. Mashuka yao nimeshayaanika.

— Saa ngapi? aliuliza Redio, kwa sauti ndogo.

— Saa tatu. Kwani hawakusema?

Spea aliruka.

— Pikipiki! Mzee, panda, tutawakuta Lamadi!

— Lamadi ya wapi, alisema Eapoti. Saa hizi wameshaipita.

Josia alibonyeza simu, akaiweka sikioni, akasikiliza mpaka yule mwanamke wa mtandao alipomaliza kusema kwamba namba haipatikani. Akabonyeza tena. Akamsikiliza tena.

— Dada Domitila alisimama mlangoni na mtoto mpaka gari likawashwa, alisema Jenipha. Nilimwambia akupigie, akasema baba hahimizwi kwa simu. Na huyo mume wake si mtu mbaya, msimseme. Alikuwa anakwenda getini, anachungulia barabarani, anarudi. Mara mbili aliniuliza kwa Kiswahili chake: baba anakuja saa ngapi? Nikamjibu anakuja. Akasema, ndiyo, lakini saa ngapi? Nikamtazama dada, naye hajui.

Akawatazama mmoja mmoja, bila ubaya wowote.

— Kwani ulimwambia utakuja saa ngapi, guku?

Spea alimtazama Eapoti. Eapoti alimtazama Redio. Redio aliinamia birika, nalo lilikuwa tupu.

Jana yake jioni, wakiagana, Josia alikuwa ameulizwa jambo hilohilo. Alikuwa amecheka kidogo, akamshika mkwe wake mkono kwa mikono yote miwili, akajibu kwa moyo wake wote: nitakuja.

Alifungua kinywa amjibu Jenipha. Kilichokuwa tayari mle ndani, tangu alfajiri, ni jina la mtoto.