Tangu Zaksi Aache Kuja

Pale Chang'ombe, ubavuni mwa duka la vipuri, kuna benchi ambalo wenyewe wanaliita Bungeni, maana hoja hazikauki. Kila alasiri Yotham na wenzake huweka ubao wa Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno kwa vipande vya herufi, juu ya ndoo, birika la kahawa pembeni, wakaanza kukomoana kwa herufi. Sheria ni moja: ukiweka neno la Kiingereza, useme na maana yake, na simu marufuku. Mwamuzi ni Zaksi. Majina ya hapo yote ni ya kubandikana. Yotham ni Vokali, kwa sababu kila akitia mkono kwenye mfuko wa herufi hutoka na A na I tupu. Zaksi alipata lake siku aliyoweka ZAX. Wakamzomea weee! Naye akamaliza kahawa yake taratibu, akawaambia ni kishoka cha kuchongea mawe ya kuezekea. Raha ilioje siku zile! Sasa haonekani.

Leo Mheshimiwa, mzee wa kaunda suti, kashusha CWM.

— Maana? Yotham akauliza.

— Cheo. Jeshi la Waingereza.

— Acha uongo! akadakia Bomba, fundi wa mabomba. Hiyo ni koki ya zamani. Nimezifunga sana mimi.

— Koki gani haina vokali hata moja? Yotham akamuuliza.

— Ndiyo maana zilikuwa zinavuja!

— Basi ni mbuzi wa milimani kwao, Mheshimiwa akasema. Analia hivyohivyo. Kwum! Kwum!

Yotham alicheka, kisha kicheko kikamwishia. Zaksi aliwahi kuwaeleza neno hilohilo: bonde la mviringo, juu mlimani, lililochimbika kama bakuli. Siku ile Zaksi aliinua kikombe kitupu akawaonyesha kwa kidole. Angekuwepo, angefumba macho kwanza, awaache wahangaike, halafu ndipo aseme. Yotham alimkumbuka mpaka akachukia kuutazama ubao.

— Simu yake bado? akauliza.

— Haipatikani, akasema Bomba. Huyo kaitwa Uingereza, akawafundishe Kiingereza chao.

— Kaoa huyo, akasema Mheshimiwa. Mke kamfungia ndani.

— Alikuwa anakohoa, Yotham akasema. Mnajifanya hamkusikia?

Anitha, binti aliyehamia chumba cha uani wiki hiyo, alikuwa anapita na sare yake ya unesi. Akasimama.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Samahani, wazee, nimewasikia. Naingia zamu sasa hivi. Niwaangalizie kama kalazwa kwetu?

— Mwanangu, Mungu akubariki! Yotham akaruka. Tusaidie!

— Anaitwa nani?

— Zaksi! wakajibu wote.

— Jina lake hasa, babu. La kwenye kadi.

Mheshimiwa akamtazama Bomba. Bomba akainamia ubao. Yotham alijua Zaksi hali kashata, alijua anavyojipiga paja akiokota Z, alijua kicheko chake hata akiwa mbali barabarani. Lakini jina, lo! Aibu ikamshika. Miaka yote ile, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumuuliza.

Akainama akatafuta kandambili zake.

— Twende wote, mwanangu. Sura yake naijua.