Bibi wa Ujerumani na Bibi wa Soni

Basi la Mombo lilipokuwa likiteremka kutoka Lushoto, Evelina, mwanachuo, alimsimulia mama asiyemjua aliyeketi kando yake jinsi alivyojitolea Ujerumani, akimwogesha bibi kizee na kumwimbia tenzi mpaka asinzie. "Namkumbuka mno, mama. Likizo hii nimeombwa nirudi."

"Na bibi yako mwenyewe, mwanangu, hajambo?"

"Yuko hapo Soni. Hainuki kitandani tangu Pasaka."

"Anaogeshwa na nani?"

"Majirani."

"Nao wanajitolea?" Swali lilitoka kwa upole, likawasha kuliko upupu. Abiria wa mbele, waliojifanya wamelala, walifumbua macho.

"Mama, kutwa niko darasani! Chuo hakiniruhusu."

"Kwenda Ujerumani kilikuruhusu."

Basi likasimama. "Soni! Wa Soni washuke!" Mama akainuka kumpisha. Evelina alilikumbatia begi lake, asiinuke.