Kuni za Matanga Yangu

Sogeeni karibu, wanangu, leo sauti yangu haifiki mbali. Cornelius, kaa hapa kichwani. Beverly, nishikie kikombe. Na Gentrix, mke wa Cornelius, aketi pale mlangoni kwa heshima ya mkwe, lakini asikie kila neno.

Shamba hili la Shinyalu ni la Cornelius na Beverly, nusu kwa nusu, na sitaki kelele. Ila ile miti ya mitere ya mteremkoni ina habari yake. Watu wa kaboni walipokuja, walitaka tuwauzie milele hewa ya miti ile, yaani kaboni ambayo miti inaifyonza, kwa bei nono, nami kwa tamaa nilikuwa nimeshashika kalamu. Gentrix, hana hata mwaka katika boma hili, akamtuma marehemu mama yenu aniambie: Baba asiuze, akodishe, miaka mitano mitano. Bei itakuwa ndogo, kwa sababu cheti cha kaboni cha mnunuzi kinakufa muda ukiisha, lakini wajukuu watabaki huru kuamua. Nilicheka, kisha nikaona haya, maana msichana alikuwa amenishinda akili; nikakodisha, pamoja na kikundi chetu cha majirani.

Na bado nikakosa. Ndugu yangu Osiako alipofariki, niliangusha miti thelathini ya kupikia waombolezaji na ya magenga, ule moto wa kukesha, kama tulivyofanyanga siku zote. Mwezi uliofuata wapimaji wa kaboni wakaja, wakapima visiki. Vyeti vya kikundi kizima vikafutwa, na majirani kumi na wawili wakakosa karo kwa sababu yangu. Nani alipanda upya, mtoto mgongoni, mvua ikimnyeshea, bila kuninung'unikia? Huyo aliye mlangoni. Nilimwona kila asubuhi nikampita kwa kiburi. Asante, mama. Asante sana.

Sasa sikieni. Wapimaji wanarudi mwezi ujao, na mimi wiki hii siimalizi. Wazee watakuja na misumeno, watasema mzee hazikwi bila moto wa miti yake. Waambieni nimekataza. Kuni nimenunua, ziko nyuma ya jiko. Miti yote, na neno la kusema ikatwe au isikatwe, namwachia Gentrix. Cornelius, usinune, mke wako amekuzidi, hata mimi amenizidi.

Mungu awatunze... msigombane. Beverly, maji kidogo... basi, yatosha. Kuni zile si nyingi, wanangu. Moto wangu uwe mdogo... mkae karibu karibu.