Kimea cha Mwisho cha Esteri Niyubahwe

Marehemu Esteri Niyubahwe alizaliwa tarehe 3 Juni 1974 kijijini Nyakitonto, Kasulu, mtoto wa nne wa Mzee Nduwayezu, aliyevuka mpaka kutoka Burundi miaka miwili kabla akiwa na jembe na mbegu za ulezi tu. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Nyakitonto, kisha sekondari Kasulu mjini. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Walimu walimchoka kwa maswali.

Mwaka 1993 alifunga ndoa na Sylvesta Nkunzimana, wakahamia Murungu, Kibondo. Binti yao wa kwanza, Dorcas, alifariki mwaka 1996 akiwa na miaka miwili. Daktari alisema ni upungufu wa damu. Esteri akamuuliza, "Mtoto anayemaliza bakuli la uji kila siku, damu inakwenda wapi?" Swali hilo halikumtoka tena, na tusidanganyane, furaha yake ya zamani haikurudi yote.

Mwaka 1999 alimwacha mwanawe Anania, bado mdogo, kwa bibi yake, akajiunga na chuo cha chakula na lishe. Baadaye aliajiriwa katika maabara ya nafaka, na huko ndiko alikopata jibu. Ndani ya punje mna kitu kiitwacho faiteti, kinachoyafunga madini ya chuma, yale yanayojenga damu, yasiingie mwilini. Punje hiyo hiyo ina kimeng'enya cha kuyafungua, ila kimelala. Huamka nafaka ikilowekwa na kuota. Unga wa kimea cha ulezi, yaani ulezi ulioota ukakaushwa na kusagwa, ukikorogwa katika uji wa vuguvugu, ukaachwa saa kadhaa kabla ya kuivishwa, kimeng'enya hufanya kazi yake. Alipotueleza ndugu zake alilia, maana ulezi ulikuwa umejaa ghalani Dorcas alipokuwa akififia.

Mwaka 2011 alianza mradi wa kuwafundisha akina mama wa Murungu kupika uji huo. Mwaka mzima damu ya watoto haikupanda, na mradi ukafungwa. Ndipo siku moja ya masika akaingia jikoni kwa jirani, akakuta kimea kimetandazwa kwenye uchaga juu ya moto, kama kile cha pombe.

"Mama weee!" alisema. "Kimeng'enya hakitaki moto! Mmemuua mfanyakazi kabla hajashika kazi!"

Akina mama waliokuwamo walicheka; yeye hakucheka. Tangu hapo alizunguka nyumba hadi nyumba na maneno yale yale: juani, si jikoni. Wengine walimkimbia wakimwona anakuja.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na kansa ya tumbo. Alitibiwa, akapata nafuu, kisha mwili ukakataa. Mwezi uliopita kliniki ilimwambia mkwewe Divine, mke wa Anania, ambaye ni mjamzito, kwamba damu yake imeshuka. Alipewa vidonge. Esteri, kitandani, akaacha kabisa kuzungumzia maumivu yake. "Meza vidonge, mwanangu, na uji nitakuandalia. Wewe sikuziki," alimwambia. Jumanne iliyopita aliagiza ulezi ulowekwe mbele ya macho yake. Alifariki nyumbani alfajiri ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 2025.

Jana jua lilitoka baada ya wiki nzima ya mvua. Kimea kilikuwa tayari kimeota; kingechelewa kuanikwa, kingeoza. Shangazi wa marehemu alikataza kisiguswe, kwa kuwa katika ukoo wetu nyumba yenye msiba haianiki nafaka. Divine alisimama mlangoni, mkono tumboni, machozi yakimtiririka. Sylvesta aliinuka, akaubeba ungo mwenyewe.

"Shangazi, unisamehe," alisema. "Juani, si jikoni."

Shangazi alimtazama, kisha akamsogezea mkeka wa kuanikia.

Marehemu ameacha mume, Sylvesta; mwana, Anania; mkwe, Divine; na mjukuu aliye njiani, ambaye hakujaliwa kumwona. Kimea chake kiko uani, kinakauka. Apumzike sasa.