Alois na Vifuniko vya Soda

Mwaka huu mifungo imekutana: kesho Jumatano ya Majivu, na mwezi ukiandama, Ramadhani nayo hiyo hiyo kesho. Kwa hiyo Jumanne hii benchi letu zima la mtaani Mwembesongo lilikuwa la vunja jungu. Mwinshehe anamimina kahawa, ubao wa drafti uko katikati, Yunusi kaenda kuswali adhuhuri. Alois, fundi seremala, kapoa, na Alois kupoa si kawaida. Mwalimu Oscar, tunayemwita Kamusi, akaanza.

— Waingereza leo wanaiita Shrove Tuesday. Hilo «shrove» limetoka kwenye neno lao la kale la kuungama. Unaungama kwa padri, halafu unamaliza mayai na siagi ndani ya nyumba.

— Kumbe na wao wanavunja jungu, akasema Mwinshehe.

— Tena wanakaanga chapati za maji na kushindana mbio wameshika vikaango.

— Basi hao wametokea huku. Nani anakimbia na chakula bila kumwaga kama si Mluguru? Sisi tunateremka mlima na mkungu wa ndizi kichwani.

Alois akaweka kikombe chini.

— Mimi saa kumi naenda kuungama. Miaka mitatu sasa, Yunusi akienda kuswali, nasogeza kete.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Kete zenyewe vifuniko vya soda, akasema Mwinshehe. Malaika gani ataandika vifuniko?

— Ukishaungama kwa padri yameisha, akasema Kamusi.

Hosiana, mpangaji mpya wa nyumba ya pili, alikuwa anasubiri kahawa yake.

— Samahani wazee wangu, shikamooni. Huyo Yunusi mwenyewe ameshaambiwa?

Na Yunusi huyo anakuja. Alois akamwambia yote, macho chini.

— Najua, akasema Yunusi. Ndiyo maana nilikuwa nakawia msikitini.

— Unakawia makusudi?

— Alipofariki mkeo, Mama Jastin, ulikuwa hutoki ndani. Siku uliyonishinda ulicheka, na kesho yake ukarudi. Nikasema acha ashinde.

Alois akajifuta macho kwa kiganja chenye vumbi la mbao. Nami nilijifuta, sioni haya kusema.

— Panga kete, akasema Yunusi. Mpaka alasiri siondoki.

Alois akapigwa tano bila. Saa kumi akashika njia ya kanisani, anacheka peke yake barabarani.