Tunamzika Kapteni

Ndugu na jamaa, askari wenzake, na waheshimiwa mliokaa viti vya mbele: karatasi mliyogawiwa pale mlangoni inasema tunamzika Kanali. Si kweli. Iliandikwa ofisini kwa Baba, Mheshimiwa Waziri, na sisi hatukuulizwa. Mimi ni dada yake mkubwa, nimepewa kazi ya kusoma wasifu wake, na nitasoma huu tuliouandika nyumbani na mjane wake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Novemba 1974 katika nyumba ya walimu yenye vyumba viwili. Naam, Mheshimiwa Waziri mnayemjua alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Marehemu alipofikisha miaka minane, Baba alichaguliwa kuwa mbunge, tukahamia nyumba yenye geti na mlinzi. Siku moja mlinzi, mzee wa watu, alikwenda msalani akamwachia marehemu lindo. Baba akarudi, akakuta geti limefungwa. "Taja jina na shida yako!" mtoto akamwambia. Baba alicheka mpaka akaegemea gari, lakini hakufunguliwa mpaka alipotaja majina yake yote matatu.

Alimaliza sekondari mwaka 1993. Alifaulu hesabu vizuri. Kwaya ndiyo iliyomwomba ajitoe mwenyewe. Mwaka 1995 alijiunga na jeshi, akajaza fomu kwa jina la babu ili asijulikane ni mtoto wa nani. Wapi! Wiki ya tatu walishajua, wakamwita Mbeleko, eti baba yake kambeba mgongoni. Alikimbia kuliko wote, akachimba mahandaki kuliko wote, na jina halikumtoka.

Alipata uluteni mwaka 1997 na ukapteni mwaka 2002, akapelekwa kikosi cha ulinzi wa viongozi. Mwaka 2005 Baba akawa waziri wa ulinzi, na orodha za kupandishwa vyeo zikawa zinapita mezani kwake. Mwaka 2007 makamanda walipendekeza marehemu awe Meja. Baba akalikata jina kwa mkono wake. Mwaka 2011, vilevile. Mwaka 2015, vilevile. Nilimfuata nikamuuliza kosa la mdogo wangu ni lipi. "Hana kosa," akanijibu. "Wewe hujui siasa. Watu watasema nimembeba."

Jamani, huo ndio uadilifu? Vijana aliowafundisha kushika bunduki wakawa wakubwa zake, akawa anawapigia saluti, huku magazeti yakimsifu Baba kwa kutopendelea. Sifa akachukua yeye, bei akalipa mwanawe.

Tarehe 14 Agosti 1999 marehemu alimwoa fundi cherehani wa karakana ya sare za jeshi, wakajaliwa mabinti wawili. Mwaka 2007 mkewe alimshonea kabisa mabega ya sare yenye nembo ya Meja. Orodha ilipotoka akayaweka kwenye droo, akamwambia, "Mwakani, mume wangu." Marehemu akacheka, akaenda kazini na mabega yaleyale ya zamani. Hakuwahi kumsema Baba vibaya mbele ya watoto. Mimi nilikuwa nikimsema, yeye ananinyamazisha.

Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2018 mafigo yake yalishindwa kazi. Madaktari wa jeshi walimwandikia rufaa ya kutibiwa nje, na kwenye orodha yao alikuwa wa pili. Hakuruka foleni. Faili lilifika mezani kwa Baba tarehe 23 Aprili. Mkewe alikwenda ofisini kila Jumatatu, na kila Jumatatu katibu muhtasi alimwambia, "Mama, faili lipo. Mzee hajaligusa." Wa tatu alisainiwa akaenda. Wa nne akaenda. Wa tano akaenda, na yuko hapa leo, mzima, analia pamoja nasi. Marehemu alifariki Jumanne tarehe 12 Juni, siku ya hamsini tangu faili lifike, akiwa na miaka arobaini na mitatu.

Siku mbili baadaye saini ilipatikana! Ikaja barua ya ukanali na sare mpya ndani ya mfuko wa nailoni. Ngazi tatu kwa mpigo, kwa mtu asiyeweza kuzikataa. Yaani huyu aliyekataliwa haki yake akiwa hai, leo ndiyo mnataka azikwe kama mtu wa kubebwa? Hapana. Asubuhi hii mjane wake ameirudisha sare ile mfukoni, akamvisha ya ukapteni, aliyoipiga pasi mwenyewe. Cheo hicho alikipata kwa jasho lake, na ndicho kitakachoandikwa kaburini.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mimi dada yake, na baba yake mzazi.

Ratiba inasema baada yangu Mheshimiwa Waziri atatoa salamu za serikali. Baba, salamu hizo hatuzihitaji. Ukisimama, simama kama mzazi, usogee pale kwenye jeneza, umwombe radhi mwanao kabla hatujamfukia.

Kapteni, pumzika kwa amani, mdogo wangu.