Mama Mizani na Beseni la Mlango wa Nyuma

Marehemu, ambaye mitaa mitatu ilimjua kwa jina la Mama Mizani, alizaliwa Ijumaa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Siku hiyo hiyo alipimwa kwenye mizani ya duka la jirani, ikasemekana ana ratili saba kamili. Aliishi miaka ishirini na miwili bila kuiamini hesabu hiyo. Alipoajiriwa kuwa mkaguzi wa mizani, duka la kwanza kulikagua lilikuwa lile. Mizani ilikuwa inazidisha kwa wakia tatu. Mwenye duka alionywa kwa maandishi, na marehemu akasahihisha uzito wake wa kuzaliwa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958, na sekondari hadi 1970. Katika masomo yake yote, somo alilolikumbuka zaidi halikufundishwa darasani. Akiwa na miaka tisa alimkuta kifaranga amekwama ndani ya ganda chini ya kuku wa mama yake, akamwonea huruma, akalibandua ganda kwa kucha. Utando ulikuwa bado na damu. Kifaranga akafa mchana ule mkononi mwake. Mdogo wake wa kiume, aliyekuwa na miaka mitano na aliyemshikia kisahani cha maji, alilia hadi akatapika. Marehemu hakulia. Alitunga sheria: asiyeweza kutoka mwenyewe, asitolewe. Sheria hiyo aliishika miaka sitini na tatu, na si kwa vifaranga peke yao.

Alianza kazi ya ukaguzi Januari 1973 na kustaafu Juni 2011. Alitembea na kisanduku cha mawe ya kupimia ya shaba yaliyolazwa kwenye kitambaa chekundu, na wauza nyama walipomwona kona ya barabara walikuwa wakikumbuka ghafla kwamba mizani yao ni mbovu. Hakupokea soda ya mtu. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba chupa haikuandikwa ujazo.

Mwaka 1977 aliolewa na mwalimu wa jiografia. Inajulikana katika familia kwamba mwalimu alipomwambia kuwa ana hakika anampenda, marehemu aliuliza, "Hakika asilimia ngapi?" Mwalimu akafikiri, akasema tisini. Marehemu alikubali papo hapo; alisema mtu anayeacha kumi za makosa anaweza kuishi naye. Walijaliwa binti mmoja, ambaye sasa ni muuguzi.

Kuku waliingia nyumbani mwaka 1994, mitetea watatu na jogoo mmoja, kwenye banda la mabati nyuma ya jiko. Kwa kila kuku wa kutaga alipima gramu mia na ishirini za chakula kila siku: pumba, mashudu, dagaa waliosagwa, na chokaa kidogo kwa ajili ya ganda. Majirani walicheka. "Kwa Mama Mizani," walisema, "hata jogoo hawiki kabla hajapimwa." Vifaranga aliwawekea maji kwenye kisahani chenye kokoto ili wasizame. Chanjo ya mdondo ilitolewa kila miezi mitatu, tone moja kwenye jicho. Na kuku yeyote mgeni, hata angetoka kwa nani, alikaa peke yake siku kumi na nne kwenye choo cha zamani kabla ya kuchanganywa na wenzake.

Juni 2012 chanjo ilichelewa wiki mbili dukani. Ndipo mdogo wake, aliyekuwa dereva wa malori ya masafa marefu, alirudi safarini na jogoo mwekundu mwenye kishungi kama kofia ya bendi. Marehemu alikuwa ametoka kununua pumba. Mdogo wake aliijua sheria ya siku kumi na nne. Lakini alitaka dada yake akirudi amkute jogoo katikati ya banda, amezungukwa na mitetea, kama zawadi inavyopaswa kuonekana. Akamfungulia.

"Huyu mzima kabisa, dada," mdogo wake alimwambia marehemu aliporejea. "Msikie anavyowika."

Siku ya tano jogoo aliacha kuwika. Siku ya tisa, kati ya kuku sitini na wanne, walibaki watatu, nao shingo zimepinda. Mwalimu alichimba shimo. Marehemu alimwaga chokaa mwenyewe, akanawa mikono, akaingia sebuleni alikokuwa amekaa mdogo wake, akamwambia sentensi moja: "Ukija nyumbani kwangu, mwisho wako hapo ulipokaa."

Tangu siku hiyo palikuwa na beseni la maji ya dawa kwenye mlango wa nyuma, na kila aendaye uani alichovya nyayo humo: mwalimu, binti, mgeni, fundi bomba, hata mjumbe wa nyumba kumi. Mmoja tu hakupewa nafasi ya kuchovya. Kwa miaka kumi na moja alikuja kila Jumapili ya pili ya mwezi, akakaa kwenye kiti kile kile, akanywa chai, akazungumza na dada yake juu ya hali ya hewa. Hawakugombana hata mara moja. Ugomvi ungekuwa nafuu.

Mei 2023 marehemu alianza kuumwa tumbo. Vipimo vilionyesha saratani ya kongosho, nayo ilikuwa imekwenda mbali. Jumatano tarehe 26 Julai aliruhusiwa kurudi nyumbani, na daktari akaieleza familia kwa upole kwamba zimebaki wiki mbili, labda tatu.

"Mbili au tatu, daktari?" marehemu aliuliza kutoka kitandani.

"Mama, hatuwezi kusema kwa uhakika."

"Jitahidi. Mayai yanataka siku ishirini na moja."

Daktari alimgeukia binti na kumuuliza kwa sauti ya chini kama mama ameanza kuchanganyikiwa. Binti alisema hapana, yuko hivyo siku zote.

Kesho yake, Alhamisi, marehemu aliketishwa kwenye kiti stoo ya uani na kupanga mayai ishirini na manne kwenye mashine yake ya kutotolesha, ambayo ilikuwa droo ya zamani ya ramani za mwalimu, balbu mbili, kipimajoto na bakuli la maji. Kila yai aliliandika kwa penseli, msalaba upande mmoja na duara upande wa pili, ili atakayeligeuza ajue lilipotoka. Kugeuza ni mara tatu kwa siku, saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni. Kisha akarudishwa kitandani, na hakusimama tena.

Hapo ndipo hesabu ilipokataa. Mwalimu mikono yake hutetemeka. Binti alikuwa na zamu ya mchana hospitalini. Asubuhi na jioni zilikuwa na mtu. Saa sita haikuwa na mtu. Siku mbili za kwanza binti aliomba ruhusa. Siku ya tatu, Jumapili tarehe 30, akanyimwa.

Saa sita ikafika. Mdogo wake, ambaye tangu dada aanze kuumwa alikuja kila Jumapili, alikuwa sebuleni, kwenye kiti chake.

"Saa sita imepita," marehemu alisema.

Mwalimu akainuka.

"Wewe kaa. Utanipikia sufuria nzima ya mayai ya kuvuruga."

Mwalimu akakaa. Saa ya ukutani ilisikika nyumba nzima. Sita na dakika tano. Sita na kumi. Ilikuwa imebaki dakika moja kufika sita na robo marehemu alipouliza, macho yakiwa kwenye dari, "Huyo wa sebuleni, bado ana mikono?"

"Anayo," mwalimu akasema.

"Mwambie beseni liko pale."

Mwalimu hakuhitaji kumwambia. Nyumba haina kuta nene kiasi hicho. Alimkuta shemeji yake tayari mlangoni, amesimama ndani ya beseni na viatu vyake vya Jumapili, maji yamefika kwenye kamba.

"Nyayo tu, shemeji," mwalimu alimnong'oneza. "Huendi kubatizwa."

Kuanzia siku hiyo alikuja kila mchana. Baada ya kugeuza alisimama kwenye mlango wa chumba kutoa ripoti.

"Joto?"

"Thelathini na saba na nusu, dada."

"Maji?"

"Nusu bakuli."

"Nusu ya bakuli au nusu ya kuchungulia kwako?"

Alikwenda kupima tena. Siku ya saba mayai yalimulikwa kwa tochi. Matano hayakuwa na kitu, yakabaki kumi na tisa. Siku ya kumi na mbili umeme ulikatika saa nne asubuhi. Kufika saa tano joto lilikuwa thelathini na tano. Mdogo wake, aliyewahi kufika siku hiyo, alikuja mlangoni jasho likimtoka, kipimajoto mkononi. Marehemu, ambaye wiki hiyo alikuwa akisikia baridi hadi kwenye meno, alivuta chupa mbili za maji ya moto zilizokuwa miguuni pake akamkabidhi. "Zifunge kwa taulo. Usiziegemeze kwenye ganda." Umeme ulirudi saa tisa alasiri. Kwa muda wote huo binti, aliyekuwa mapumzikoni siku hiyo, alimsugua mama yake miguu, na mama yake akawa anauliza joto la droo.

Siku ya kumi na nane kugeuza kulikoma. Wiki mbili za daktari zilikuwa zimekwisha, tumekwishaingia kwenye "labda". Marehemu alikuwa hali chakula tena. Alhamisi tarehe 17 Agosti, siku ya ishirini na moja, vifaranga kumi na wanane walitoka. Sauti yao ilifika chumbani. Alihesabu kwa kusikiliza, akasema, "Pungufu mmoja."

Ni kweli. Yai moja lilitobolewa kutoka ndani Alhamisi saa nane mchana, na Ijumaa saa tatu asubuhi bado lilikuwa na tundu lile lile. Mdogo wake alisimama mlangoni.

"Dada, mmoja amekwama."

"Sheria unaijua."

"Naijua. Sijamgusa."

Binti, aliyekuwa amemshika mkono, anasema mapigo yalikuwa hafifu mno, lakini vidole vilikuwa vikihesabu kitu.

"Utando mweupe au una damu?"

"Mweupe. Umekauka, umemnata."

"Mlete."

Aliletwa amefunikwa kwa kitambaa chenye uvuguvugu. Marehemu aliegemezwa kwenye mito. Kwa pamba iliyolowa alilainisha utando, akabandua ganda kipande kimoja kimoja kidogo kama punje, akisimama kila alipohisi ukinzani, akisubiri, akilowesha tena. Mdogo wake alishika kisahani, kama alivyokishika mwaka 1960. Kazi ilichukua saa moja na nusu. Hapakuwa na damu. Saa tano kasoro dakika kumi kifaranga alilala juu ya khanga yake, mwembamba, amelowana, akipumua.

"Mrudishe kwenye joto. Asichanganywe na wenzake hadi apate nguvu."

"Siku kumi na nne, dada?"

Marehemu alimtazama mdogo wake, kwa mara ya kwanza bila dari katikati yao.

"Mbili zinatosha. Huyu hajatoka safarini." Kisha akasema, "Pita kwenye beseni."

Alipita kwenye beseni. Alichovya wa kulia, akachovya wa kushoto, akafika kwenye droo, akamlaza chini ya balbu. Aliporudi chumbani mwalimu alikuwa amesimama, naye hakuwa na kawaida ya kusimama. Ilikuwa saa tano kamili, Ijumaa tarehe 18 Agosti 2023. Wapo waliosema kwamba angeliruka beseni angemkuta hai. Waliomjua marehemu wanafahamu kwamba angemrudisha.

Mama Mizani ameacha mume, binti, mdogo wake mmoja, kuku wakubwa thelathini na wawili, na vifaranga kumi na tisa. Yule wa mwisho mguu wake wa kushoto umepinda kidogo. Hadi jana jioni, programu hii ya mazishi ilipopelekwa kwa mpiga chapa, alikuwa amesimama mara mbili na kula mara moja.

Mdogo wake ataomba radhi kuondoka makaburini kabla ya saa sita. Tunaomba asiulizwe anakwenda wapi. Watakaofika nyumbani baadaye na kutaka kuwaona vifaranga wanakaribishwa wote, bila kubagua. Beseni liko pale.

Dada, mama, mke: amani iwe nawe, na upumzike.